Jinsi ya kutumia bakteria kuongeza mafuta kwenye kisima kinachofifia

Kisima cha mafuta kikifungwa kwa sababu hakilipi tena, mafuta mengi bado yako chini. Mgandamizo wa asili huleta juu sehemu tu ya yaliyomo. Maji yakiingizwa kuyasukuma, kiasi kinaongezeka, lakini kwa wastani karibu theluthi mbili ya mafuta hubaki yamenasa ndani ya mwamba. Ni hasara kubwa, kwa sababu kisima kimeshachimbwa, mabomba yapo na barabara ipo.

Wazo la kuwatuma bakteria wakayatoe ni la zamani. Mtafiti aitwaye Beckman alilitoa huko Marekani mwaka 1926. Miaka ya 1940 Claude ZoBell wa Taasisi ya Scripps, California, alionyesha maabara kwamba bakteria wanaweza kuachanisha mafuta na mchanga. Mwaka 1954, katika jimbo la Arkansas, bakteria aina ya Clostridium acetobutylicum waliingizwa kisimani pamoja na molasi, na hilo ndilo jaribio la kwanza la uwanjani linalotajwa sana. Tangu hapo yamefanyika majaribio mengi, mengine yakazaa na mengine yakapotea bila hata kujulikana kwa nini.

Nionavyo, yaliyopotea mengi yalianza na swali lisilo lake. Watu huuliza ni bakteria gani wanunuliwe, kumbe la kwanza ni kujua kitu gani kinayashika mafuta pale chini. Mwongozo huu umepangwa kufuata swali hilo. Umeandikwa kwa ajili ya mhandisi kijana, mwanafunzi wa jiolojia au msimamizi wa visima vikuukuu anayetaka kujaribu njia hii kwa uangalifu.

Hatua ya 1: Tambua kinachoyashika mafuta

Anza na nta, maana ndiyo rahisi kuitambua. Mafuta yenye parafini yanapokaribia kisima hupoa na kupoteza gesi, nta ikaganda kwenye mabomba na kwenye mwamba ulio karibu. Dalili yake ni kisima kinachoshuka haraka, kikisafishwa kwa mafuta ya moto kinaamka, kisha baada ya muda kinashuka tena vilevile. Hapa bakteria wanaotoa vitu vya kisabuni husaidia, na eneo la kufanyia kazi ni mita chache tu kuzunguka kisima. Kama hujawahi kufanya kazi hii, anzia hapa.

Sababu nyingine ni matone yaliyonaswa. Maji yakishapita, mafuta hukatika vipande vidogo vinavyokwama ndani ya vitundu vya mwamba, vikizuiwa na mvutano ulioko kati ya mafuta na maji. Mvutano huo kwa kawaida ni milinyutoni (kipimo kidogo cha nguvu) 20 hadi 30 kwa mita. Ili tone lichomoke, inabidi ushuke mara elfu moja au zaidi, hadi karibu na 0.01. Hapo ndipo penye mtego. Surfaktini, sabuni inayotengenezwa na Bacillus subtilis, hushusha mvutano kati ya maji na hewa kutoka 72 hadi karibu 27, na namba hiyo ndiyo utakayoonyeshwa na karibu kila muuzaji. Ni namba ya kweli, ila haizungumzii mafuta yako. Dai namba ya pili: mvutano kati ya mafuta yako na maji yako, kwenye joto la mwamba wako. Ikibaki milinyutoni 5, matone hayatatoka hata ukiingiza sabuni ya mwaka mzima.

Sababu ya tatu ni njia za mkato. Miamba haifanani tabaka zote. Lipo tabaka linalopitisha maji upesi, na ukishalisafisha mafuta yake, kila lita unayoingiza hukimbilia humo humo na kutokea upande wa pili ikiwa tupu, huku tabaka jirani limejaa mafuta na halijaguswa. Utajua kwa kuona maji yamepanda ghafla kwenye kisima cha uzalishaji. Ukiweka rangi au chumvi ya kufuatilia katika maji ya kuingiza, inatokea ng'ambo mapema mno.

Kwa maoni yangu, hii ya tatu ndiyo kazi ambayo bakteria wanaiweza kuliko zote, na sababu yake ni nyepesi. Virutubisho husafiri ndani ya maji, na maji yanafuata njia ya mkato. Kwa hiyo bakteria wanakua pale pale unapotaka kuziba, bila wewe kuwaelekeza. Wakizaliana na kutoa ute, vijia vinajaa, maji yanalazimika kutafuta njia mpya, na njia mpya ndiko mafuta yaliko. Leuconostoc mesenteroides, kwa mfano, hugeuza sukari ya kawaida kuwa ute mzito uitwao dekstrani.

Ya nne ni mafuta mazito yasiyotiririka. Gesi ya kaboni dioksaidi inayotolewa na bakteria ikiyeyuka ndani yake huyalainisha, ila gesi hiyo haiwezi kuzidi chakula ulichowapa. Kwa mafuta mazito sana usiitegemee njia hii peke yake.

Hatua ya 2: Hakikisha humo chini panakalika

Joto ndilo la kwanza. Miamba iliyowahi kufikia nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi kwa kawaida haina bakteria hai, nao wengi tunaowatumia huchoka mapema zaidi ya hapo. Chini ya nyuzi 60 una uwanja mpana wa kuchagua.

Halafu chumvi. Ikipita asilimia 10, bakteria wengi wanaofaa hushindwa. Upenyezaji wa mwamba, yaani wepesi wake wa kupitisha kimiminika, ambao hupimwa kwa milidarsi, uwe walau milidarsi 50, na ukipita 100 ni bora, maana bakteria mmoja ana urefu wa mikroni moja hadi tano na anahitaji kupita. Mafuta yaliyobaki yawe bado mengi. Mwamba uliobakiwa na mafuta chini ya robo ya nafasi ya vitundu vyake hautarudisha gharama.

Kuna kipimo kimoja kinachosahaulika kwa sababu hakipo kwenye faili la jiolojia, nacho ni dawa zinazowekwa kisimani. Visima vingi huwekewa glutaraldehaidi au dawa nyingine ya kuua vijidudu ili mabomba yasioze. Ukiingiza bakteria wiki hiyohiyo, idara moja inalipa kuwalisha na nyingine inalipa kuwaua. Pata orodha ya kila kemikali inayoingia, pamoja na za kuzuia kutu, na kila moja ijaribiwe na bakteria hao maabara kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Chukua sampuli kama inavyotakiwa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sampuli mbaya huharibu kila kitu kinachofuata na hakuna anayeigundua mapema.

Vaa kwanza kipima gesi cha haidrojeni salfaidi kifuani na uhakikishe kinafanya kazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala chini kwenye mashimo na kando ya matangi, na ikifikia karibu sehemu 100 katika milioni pua huacha kuisikia. Kutosikia harufu si uthibitisho wa usalama. Usiende peke yako, na simama upande upepo unakotokea.

Sampuli ichukuliwe kwenye kichwa cha kisima. Ya tangini inakuwa imeshapata hewa na vijidudu vya tangi. Fungua valvu ndogo ya kuchukulia, acha kimiminika kitiririke kwenye ndoo hadi kile kilichokuwa kimelala ndani ya bomba kiishe na joto lake litulie. Utaona mtiririko ukibadilika: mwanzoni huja matope meusi na vipande vya kutu, kisha mafuta yaliyochanganyika na maji, rangi yake ikiwa ileile kwa dakika kadhaa. Hapo ndipo uchukue. Tumia chupa ya kioo iliyosafishwa kwa mvuke, ijaze mpaka shingoni imwagike kidogo, kisha ifunge kwa kizibo cha mpira bila kuacha nafasi ya hewa. Bakteria wengi wa chini hawavumilii oksijeni, na nafasi ndogo ya hewa juu ya chupa yatosha kuwaua au kuwapa nafasi wasiohusika kuzaliana.

Andika kwenye chupa jina la kisima, saa, joto la kimiminika na dawa ya mwisho iliyowekwa. Weka kwenye kasha la barafu na ifike maabara ndani ya saa 24. Chukua pia maji ya kuingiza, kwa chupa yake, maana huenda bakteria wanaokusumbua wanaingia kutoka huko.

Hatua ya 4: Maabara, na uamuzi wa wenyeji au wageni

Maabara ijibu maswali matatu: ni nani wanaishi humo tayari, wanakosa nini, na wakipewa wanachokosa watafanya nini kwenye mwamba wako halisi.

La kwanza hujibiwa kwa kusoma vinasaba vya bakteria waliomo katika sampuli. Unachotafuta zaidi ni wale wanaopumulia salfeti, kwa sababu hao ndio watengenezaji wa haidrojeni salfaidi. Wakiwa wengi na maji yako yana salfeti nyingi, kama yalivyo maji ya bahari, usiwape molasi bila kinga. Utakuwa unafuga sumu.

La pili hujibiwa kwa chupa ndogo. Weka maji na mafuta ya kisima, ongeza naitreti kwenye moja, fosfeti kwenye nyingine, zote mbili kwenye ya tatu, molasi kwenye ya nne, na moja iache bila kitu. Ziweke kwenye joto la mwamba na uhesabu bakteria kila baada ya siku chache. Mara nyingi utaona wenyeji, yaani bakteria waliomo tayari kwenye mwamba, wana kaboni tele, wanakosa naitrojeni na fosforasi tu.

Ikiwa hivyo, walishe wenyeji na uachane na kununua wageni. Wenyeji wameshazoea joto, chumvi na mgandamizo, na hawasafirishwi. Hivyo ndivyo ilivyofanyika katika uwanja wa North Blowhorn Creek, Alabama, kuanzia mwaka 1994. Naitreti na fosfeti ziliongezwa kwenye maji yaliyokuwa yakiingizwa tayari, ili bakteria wa humo humo wakue kwenye njia za maji na kuyageuza. Tena waliacha baadhi ya maeneo bila kuyalisha, ili wawe na cha kulinganishia.

Wageni wana nafasi yao pale wenyeji wanapokosa uwezo unaouhitaji, hasa wa kutengeneza sabuni. Huko Oklahoma, watafiti wa chuo kikuu waliingiza aina mbili za Bacillus kwenye mwamba wa chokaa pamoja na glukosi, naitreti na madini kidogo, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2007 walionyesha kwamba sabuni ilitengenezwa chini kwa chini, kwa wastani wa miligramu 90 kwa lita. Visima vilivyopewa chakula bila bakteria havikutoa sabuni hiyo. Naipenda kazi hiyo kwa sababu walikipima kitu chenyewe na hawakuridhika na kuhesabu mapipa.

Ukichagua wageni, epuka Pseudomonas aeruginosa hata kama sabuni yake ni nzuri. Huambukiza watu wenye kinga dhaifu, wagonjwa wa hospitali na wenye vidonda vya moto, na wafanyakazi wako ndio watakaoshika chupa hizo. Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis hufanya kazi ya aina hiyo kwa hatari ndogo zaidi.

Swali la tatu linahitaji kipande cha mwamba. Kikate umbo la silinda, kijaze maji ya uwanja, kisha mafuta, kisha sukuma maji hadi mafuta yakome kutoka. Sasa ingiza bakteria na chakula, funga kwa siku kadhaa, fungua na usukume maji tena. Angalia vitu viwili kwa wakati mmoja: bomba la kioo la kupokelea na saa ya mgandamizo. Kwenye bomba unatafuta matone ya mafuta yakipanda juu ya maji baada ya muda ambao hapakutoka chochote. Kwenye saa ya mgandamizo unatafuta sindano ikipanda taratibu na kutulia, dalili kwamba njia pana zimebanwa. Sindano ikipanda bila kutulia, umeziba mlango wenyewe, na kisimani itakuwa hivyohivyo. Punguza chakula urudie. Daima uwe na kipande cha pili kilichopitia kila kitu isipokuwa bakteria na chakula, maana maji peke yake huweza kutoa mafuta kidogo yakipewa muda.

Hatua ya 5: Andika hali ya kisima kabla ya kukigusa

Kila kisima kinashuka, na usipojua kilikuwa kinashuka kwa kasi gani hutajua umeongeza nini. Kusanya rekodi za mwaka mmoja au miwili: mafuta, maji, gesi, mgandamizo.

Tuseme kisima kinatoa mapipa 40 kwa siku na hushuka asilimia 10 kila mwaka. Baada ya miaka miwili kingekuwa kwenye 32.4. Ukikikuta kinatoa 36, meneja atasema mradi umeshindwa kwa sababu kimeshuka kutoka 40. Ukweli ni kwamba umepata mapipa 3.6 kila siku ambayo yasingekuwepo. Na kinyume chake pia ni kweli. Kisima kikiruka wiki moja baada ya kufunguliwa, hiyo huenda ni pumziko tu, maana kisima chochote kikifungwa siku kadhaa mgandamizo wake hujikusanya na hutoa zaidi kwa muda mfupi. Ndiyo sababu nasisitiza kisima cha kulinganishia: kifungwe siku zilezile, kifunguliwe siku ileile, kisipewe chochote.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya kiasi

Kwa kazi ya kisima kimoja, unaingiza, unafunga, kisha unazalisha kupitia kisima hichohicho. Ukitaka kufikia mita 5 kila upande kwenye tabaka lenye unene wa mita 4 ambalo vitundu ni asilimia 20 ya ujazo wake, ujazo wa vitundu ni karibu mita za ujazo 63. Sehemu yake imejaa mafuta yasiyosogea, kwa hiyo mita za ujazo 45 za maji yenye chakula zinatosha. Kwa molasi ya asilimia 4, hiyo ni tani 1.8 hivi. Mradi wa kulisha mfululizo kupitia kisima cha kuingizia hauhesabiwi hivi. Huo hutumia dozi ndogo sana ndani ya maji ya kila siku, na unahitaji miezi.

Yupo atakayekushauri uingize hewa ili bakteria wale mafuta yenyewe, uokoe gharama ya molasi. Fanya hesabu kwanza. Maji yaliyoshiba hewa kwenye joto la kawaida yana oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, na kuunguza gramu moja ya mafuta kwahitaji oksijeni gramu 3.4. Mita moja ya ujazo ya maji inaleta oksijeni ya kutosha gramu 2.3 tu za mafuta. Njia hii ilitumika Tatarstan, maji yenye hewa pamoja na chumvi za naitrojeni na fosforasi, lakini huhitaji maji mengi kwa muda mrefu, na oksijeni hiyohiyo hula chuma cha mabomba yako.

Hatua ya 7: Ingiza, funga, fungua

Osha tangi la kuchanganyia na usafishe mistari, hasa kama dawa ya kuua vijidudu ilipita humo. Chuja molasi, maana takataka zake huziba mwamba kuliko bakteria wenyewe. Tanguliza maji safi ya uwanja, fuata na bakteria na chakula, kisha malizia na maji ya kusukuma ili mchanganyiko usibaki kisimani ukaota ukutani mwa bomba. Mgandamizo wa kuingiza usifikie ule unaopasua mwamba, kwa sababu ufa mmoja utapeleka kila kitu mahali pasipokusudiwa.

Muda wa kufunga huamuliwa na zile chupa za hatua ya 4. Kama kule bakteria walifika kileleni siku ya nne, siku nne ndizo. Kwenye miamba ya baridi huenda ikawa wiki mbili au zaidi.

Ukifungua, fungua polepole. Kisima kikivutwa kwa nguvu siku ya kwanza hurudisha molasi ambayo haijaliwa na mchanga pamoja nayo.

Hatua ya 8: Fuatilia, na ujue wakati wa kusimama

Wiki ya kwanza chukua sampuli kila siku, baadaye mara moja kwa wiki. Pima mafuta na maji, lakini pima pia vitu vinavyothibitisha kwamba ni bakteria waliofanya kazi: asidi kama asetiki, sabuni yenyewe, idadi ya bakteria, sukari iliyobaki. Mafuta yakiongezeka bila hata kimoja kati ya hivi kubadilika, kitu kingine kimeyaongeza.

Haidrojeni salfaidi ipimwe kila mara. Ikianza kupanda, simamisha molasi mara moja na uingize naitreti, kwa sababu bakteria wanaopumulia naitreti huwashinda wale wa salfeti katika kugombea chakula. Viwanja vya Bahari ya Kaskazini hutumia naitreti kwa sababu hiyohiyo. Lakini naitreti isikatwe ghafla baadaye, maana gesi inaweza kurudi.

Simama pia ikiwa mgandamizo wa kuingiza unapanda wiki hadi wiki kwa kiasi kilekile cha maji. Acha chakula, endelea na maji matupu, na bakteria wenye njaa watapungua na kufungua njia. Usipandishe mgandamizo kulazimisha.

Kabla ya kurudia mzunguko wa pili, soma vinasaba upya. Jamii ya bakteria inakuwa imeshabadilika kutokana na chakula ulichowapa, na dozi iliyofaa mara ya kwanza huenda sasa ikawa inawalisha wale usiowataka. Mzunguko wa pili ukitoa nusu ya faida ya kwanza bado unaweza kulipa. Ukitoa chini ya gharama ya molasi na siku za kufunga, hamia kisima kingine.